Kabla hujabonyeza "Futa": kwa wadogo zangu mlioanza kazi ya maudhui

Juzi mdogo wangu mmoja, ana wiki sita kazini, kaniletea faili lenye makala 62 za kufutwa. Kigezo chake ni kimoja: makala isiyofikisha ziara 50 kwa mwezi ni mzigo. Kazipaka zote rangi nyekundu, na juu kaandika "Usafi wa tovuti". Nililitazama lile faili tumbo likanikata, maana mimi pia niliwahi kutengeneza faili kama hilo, nyekundu vilevile, na hakuna aliyenizuia. Siku hiyohiyo mwenzake kaja na kalenda ya robo mwaka, makala tatu kila siku, zote zimeandikwa na mashine ya akili mnemba asubuhi moja.

Nawapenda, lakini nimechoka kurudia maneno haya meza kwa meza. Nimeyaandika.

1. Kalenda iliyojaa inampendeza anayeipanga tu.

Hili la kumwaga makala kwa wingi mnadhani mmelivumbua nyinyi. Google walianza kulipiga vita mwaka 2011 kwa Panda, badiliko la namna wanavyopanga matokeo ya utafutaji, wakarudi tena Agosti 2022, na Machi 2024 wakaandika kabisa kwenye sera zao za spamu kwamba kuzalisha kurasa kwa wingi ili kuchezea matokeo ya utafutaji ni kosa, awe kaandika mtu au mashine. Mashine tumieni, hata mimi naitumia kupanga hoja na kunitafutia vichwa vya habari. Swali langu kwa kila brifu, yale maelezo ya makala kabla haijaandikwa, ni moja: nani humu ndani amewahi kukishika hiki kitu kwa mkono wake, na umeongea naye? Kama jibu ni hakuna, usiniletee rasimu.

2. Usifute kitu usichojua kinamtumikia nani.

Hapa nitakaa kidogo, mnisamehe.

Nilikuwa na miezi minne kwenye kampuni iliyouza pampu za maji. Blogu yao ilikuwa kama stoo: salamu za sikukuu za miaka iliyopita, picha za hafla, tangazo la nafasi ya kazi ambayo aliyeipata alishaacha kazi. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba kurasa dhaifu huiburuza tovuti nzima. Jambo hilo lina ukweli wake, na ndiyo maana nilikuwa hatari. Nikachuja kwa idadi ya ziara, makala 140 zikaanguka chini ya mstari, nikazifuta Ijumaa jioni. Tulikuwa tunatumia WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, ambayo huhifadhi ulichofuta kwenye takataka siku 30 kabla ya kukitupa. Mimi, kwa kupenda usafi, nikaimwaga takataka mwenyewe. Sikuelekeza anwani hata moja ya kurasa hizo kwenda ukurasa mwingine. Jumatatu nikaonyesha slaidi iliyoandikwa "Tumepunguza uzito". Bosi akapiga makofi.

Kati ya zile 140 ilikuwemo moja iitwayo "Pampu gani kwa kisima chako". Naikumbuka kwa sababu niliicheka. Aliiandika fundi wa karakana, haina aya, ina sentensi kama hii: "Usipime kina cha kisima tu, pima mpaka mdomo wa tanki, maji hayaruki." Katikati kulikuwa na jedwali lililopigwa picha kwa simu, limepinda upande: urefu wa kupandisha maji huku, lita kwa saa kule, na modeli ya pampu pale vinapokutana. Ziara 31 kwa mwezi.

Wiki ya tatu dada mmoja wa mauzo akaja mezani kwangu. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Akaweka mbele yangu karatasi ya maelekezo, ile inayokaa ndani ya boksi la pampu. Chini yake kulikuwa na msimbo wa QR.

"Hebu skani hapo, kaka."

Nikaskani. 404: ukurasa haupo.

Karatasi hiyo ilikuwa ndani ya kila boksi lililokuwa ghalani. Si hiyo tu. Yeye na wenzake wanne, kila mteja aliyepiga simu kuuliza achukue pampu ipi, walikuwa wanamtumia kiungo kile, na mara nyingi zaidi walimkatia picha ya lile jedwali tu. Mteja anakwenda kupima, anapiga tena, anataja modeli, analipia. Kwenye dashibodi yangu watu hao wote hawakuwepo. Kiungo kilichotumwa kwenye gumzo la simu mara nyingi huingia kwenye hesabu kama ziara ya moja kwa moja, hujui ilikotoka. Picha haihesabiwi kabisa. Na mauzo ya simu hayakuwa na safu yake kwenye ripoti yangu, kwa sababu ripoti niliitengeneza mimi.

Tangu niifute, wateja wawili walikuwa wamejikadiria wenyewe. Mmoja alipima kina cha kisima, akasahau kwamba tanki lake liko juu ya paa. Pampu ikafika, ikafungwa, maji yakapanda mpaka nusu ya safari yakagoma. Pampu ikarudi. Yule dada akanipa namba ya mteja, akasema nimpigie mimi. Nilimpigia. Mazungumzo yale siwasimulii.

Kuirudisha sasa. Bakapu zilikuwa zinakaa siku 14, nami nilikuwa siku ya 18. Wayback Machine, ile hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, walikuwa na maandishi yote, ila picha ya jedwali haikuhifadhiwa. Mmoja wa watu wa mauzo aliikuta kwenye gumzo la zamani, imebanwa mpaka 3 na 8 hazitofautiani, na kwenye pampu 3 na 8 ni vitu viwili tofauti sana. Ikabidi niende karakana kwa yule fundi niliyekuwa namcheka. Siku tatu nimekaa kwenye kigoda, yeye ananisomea namba, mimi naandika. Ndipo nikajua kwamba bomba refu na jembamba hula nguvu ya pampu hata kama kisima ni kifupi, na kwamba jedwali lake lilikuwa limeshalihesabia hilo. Miezi minne nilikuwa naandika habari za pampu na sikuwa nalijua. Siku ya pili akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwani wewe ndiye mwandishi wetu?"

Makala mpya ilibaki na sentensi yake ya maji hayaruki. Sikugusa herufi.

Kwa hiyo kabla ya kufuta: hifadhi nakala, waulize mauzo na huduma kwa wateja, kagua karatasi na maboksi yaliyochapwa, kisha kila anwani inayokufa ielekeze kwa 301, yaani uhamisho wa kudumu, kwenye ukurasa wenye mada ileile, si kuwarundika watu wote kwenye ukurasa wa mwanzo. Google wanashauri maelekezo hayo yakae mwaka mmoja angalau. Mimi siyatoi kabisa.

3. Barua pepe: acheni kunishangilia idadi ya waliofungua.

Waliofungua huhesabiwa kwa picha ndogo inayopakuliwa barua ikifunguliwa, na tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha za barua kabla mwenyewe hajaisoma, kwa hiyo nusu ya wasomaji wako huenda ni seva. Tazama waliobofya, na waliojibu. Kitufe cha kujitoa kionekane. Gmail na Yahoo tangu Februari 2024 wanakidai kwa wanaotuma barua kwa wingi, na anayetaka kuondoka ukimzuia atakuripoti kuwa spamu.

4. Trendi.

Niliwahi kusimamia video ya trendi, mafundi wawili wanacheza pembeni ya tanki. Ilitazamwa kuliko chochote tulichowahi kuweka. Simu zilizoingia siku hiyo kwa sababu ya ile video zilikuwa mbili, na zote mbili waliuliza jina la wimbo.

Sisemi msifanye. Fanyeni, mfurahi, ila msiiandike kwenye ripoti ya mauzo. Na orodha ya anwani za wateja jengeni kwenu, kwa sababu Januari 2018 Facebook walitangaza kwamba mlisho utatanguliza posti za ndugu na marafiki, na watu waliokuwa wameweka biashara nzima kwenye kurasa zao waliamka asubuhi hawaonekani.

Kila semina mtakayokwenda mtasimuliwa habari za Michelin, waliouza matairi na mwaka 1900 wakawagawia madereva wa Ufaransa kijitabu cha bure. Mtasimuliwa hoteli na migahawa. Mimi naipenda sehemu isiyotajwa: ndani yake kulikuwa na maelekezo ya kubadilisha tairi. Jedwali la fundi, kwa maneno mengine.

5. Kichwa cha habari kiandike mwisho. Sina la kuongeza.

6. Yule wa makala 62: faili lako nimekurudishia. Salamu za sikukuu ziko 19, hizo futa leo, nakuunga mkono kwa mikono miwili. Zilizobaki nimekuongezea safu mwishoni, "Nani anaitumia?" Usiijaze kwa kukisia na usiwatumie watu fomu. Chukua kiti, kaa nyuma ya meza ya mauzo siku mbili, sikiliza simu zao, uandike kila kiungo wanachotuma. Dada mkubwa pale nimeshamwambia unakuja. Kacheka, kaniuliza kama nimekusimulia habari za lile boksi.