Hao kometi wasikae na mwenye mifuko ya macho

Rudisha hao samaki wako wa dhahabu wa aina ya kometi dukani kabla hujafungua mfuko wa nailoni. Umeuliza chujio gani linafaa na taa iwashwe saa ngapi, lakini mimi nimekwama kwenye orodha yako: kometi wawili, mweusi mmoja mwenye macho ya darubini, yaani yaliyotokeza nje, na mmoja mwenye mifuko ya maji chini ya macho, wote katika tangi moja la lita 120. Ndio aina hizo hizo nilizoziweka pamoja miaka mitatu iliyopita, kwa ushauri wa muuzaji aliyeniapia kwamba samaki wa dhahabu wote ni ndugu. Ndugu ni kweli, kwani wote asili yao ni China, ila undugu haujawahi kumshibisha anayefika mwisho kwenye sinia la pilau.

Kometi ana mwili mrefu na mkia mmoja, na huogelea kama mshale. Mwenye mifuko hana hata pezi la mgongoni, macho yake yameelekea juu, na punje ikimwangukia mbele ya mdomo huitafuta kwa kupapasa. Nilipomwaga chakula, kometi walikimaliza kabla mwenzao hajageuka. Nikaongeza, nikijiona mkarimu, mabaki yakaoza chini na amonia, sumu itokanayo na uozo huo, ikapanda. Wiki ya tatu, katika kukimbizwa, mfuko wake wa kushoto ulitobolewa na ncha ya jiwe nililokuwa nimelipanga kwa madaha, ukanywea kama puto la harusi ya juzi. Jeraha lilishika ukungu, akafa baada ya siku tisa. Mke wangu ndiye aliyemzika chini ya mchungwa. Mimi nilikuwa na simu muhimu ya kupokea, ingawa haikuwa imeita.

Muuzaji yule, niliporudi kwake, alisema samaki alikuwa dhaifu tangu mwanzo, jambo ambalo hakulikumbuka wakati wa kupokea fedha, kisha akanionyesha mwingine wa kununua.

Samaki wa mkia mmoja akae na wa mkia mmoja, yaani kometi na aina nyingine iitwayo shubunkini. Wa mkia pacha, kama hao wako wawili wengine, akae na wa mkia pacha. Hata humo, aina za oranda na ryukini zina kasi kuwashinda wasioona vizuri, kwa hiyo huyo mweusi na mwenye mifuko waache peke yao, na mawe yote yenye ncha uyatoe leo. Duka likikataa kuwapokea kometi, watafutie tangi lao kubwa, maana hufikia sentimita 30.