Shangazi, spika kama za marehemu baba zinastahili bei hii?

Shikamoo Shangazi. Marehemu baba alikuwa na spika za JBL L100, zile zenye uso wa sponji ya rangi ya chungwa. Alipofariki, kaka yangu aliziuza bila kutushirikisha. Sasa kampuni inazitengeneza upya na akiba ninayo, lakini mume wangu anasema nitakuwa nimenunua mbao na majonzi. Tumenuniana. Zinastahili bei hiyo kweli?
– Binti wa Baba

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kufiwa ni jambo moja. Kuuziwa vitu vya marehemu nyuma ya mgongo wako ni jambo jingine, na naona hilo ndilo linalokuuma zaidi.

L100 ya baba ilianza kuuzwa mwaka 1970, ikiwa ndugu ya 4310, spika ya JBL iliyokuwa ikitumika studio. Iliyofufuliwa, L100 Classic, ilitoka 2018 kwa dola 4,000 za Marekani kwa jozi. Hulipii jina tupu. Kila kasha lina zaidi ya kilo 25, limevishwa ubao halisi, na wufa yake, yaani spika ya besi, ni ya inchi 12. Wufa ya upana huo husukuma hewa nyingi bila kuhangaika, ngoma ikapiga kwa uzito hata ukiwa umepandisha sauti. Spika nyembamba za siku hizi hupata taabu kufika hapo.

Ila si spika za baba yako. Twita ya zamani, ile spika ndogo ya sauti za juu, ilikuwa ya koni ya karatasi. Ya sasa ni kuba la metali ya titani. Zamani wufa iliachwa ipige bila kichujio cha kuizuilia sauti za juu. Sasa sauti inagawanywa kwa uangalifu zaidi. Nazipenda hizi mpya, tena ni nzuri kweli, lakini ukizinunua ili usikie sebule ya utotoni, utalia mara ya pili.

Mumeo naye asidhani kashinda. Zipo spika zilizofufuliwa ambazo bei yake haina ubishi. Wharfedale Linton, iliyozaliwa 1965 na kurudi 2019, ina kasha pana na sauti iliyonona, na kwa bei haifiki hata nusu ya L100 Classic. Kwa anayetafuta muziki tu, bei ya L100 Classic ni kubwa mno, nasema bila kumumunya. Nendeni wote wawili dukani na santuri za baba, mzisikilize zote mbili kwa amplifaya ileile.

Lakini kabla ya duka, mpigie kaka yako. Usianze na lawama. Muulize aliziuza kwa nani. L100 za zamani hudumu: ukingo wa wufa zake ni wa kitambaa, hauozi kama ule wa sponji. Ukimpata aliyezinunua, mwombe akuwashie. Zungusha vile vitufe viwili vya mbele. Vikikwaruza ni uchafu tu, fundi atavisafisha. Sauti ya juu ikiwa hafifu, huenda kapasita, vile vipuri vidogo vya umeme vya ndani, zimechoka, nazo hubadilishwa. Twita ikiwa imekufa, shusha bei, maana kupata ya asili ni kazi. Akikataa kuuza, mwachie namba yako ya simu.