Nimeitwa usaili wa kufundisha mtandaoni

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nimeitwa kwenye usaili wa kufundisha Kiingereza kwa video. Wanataka somo la majaribio la dakika 10. Nijiandaeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Fundisha jambo moja tu, mathalani kuuliza njia. Nimesaili walimu wengi. Wanaonichosha ni wale wanaoongea mfululizo. Uliza swali, kisha nyamaza. Msaili ndiye mwanafunzi wako, na huenda akakosea makusudi (mimi hufanya hivyo!) aone utamsahihisha vipi bila kumvunja moyo. Taa iwe mbele yako, si mgongoni. Tazama kamera, acha kujitazama. Simu yenye bando iwe karibu, intaneti ikikatika. Kuhusu malipo, uliza kama muda wa kuandaa somo unalipwa. Wapo wanaolipia dakika za darasani tu.