Nembo ya ukoo: kaeni kikao kabla ya kushika kalamu

Kwanza amueni nembo ni ya nani. Huku Mtwara na Lindi swali hilo ni zito, kwa sababu kwa jadi ya Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo hufuata upande wa mama. Nembo za ngao za Uingereza hutolewa kwa mtu na kizazi chake, na kwa kawaida hurithiwa upande wa baba. Hakuna nembo ya jina. Anayekuuzia "nembo ya jina lako" mtandaoni anakuuzia picha tu. Mkiiga urithi wa kwa baba bila kuujadili, watoto wa dada zenu wanabaki nje ya ukoo wao wenyewe. Andikeni kwenye daftari la kikao: nani ana haki ya kuitumia, na nani anaitunza.

Alama zitoke nyumbani. Simba na taji vimejaa kila mahali na havisemi lolote kuhusu watu wa Newala. Chale za usoni za wazee wa Kimakonde zenyewe huitwa nembo, na mistari yake mingi ni pembe zilizopangana. Umbo hilohilo, mfano wa kenchi ya paa, ni miongoni mwa maumbo ya msingi ya ngao za Ulaya. Waulizeni bibi na babu wa ukoo mchoro upi ni wao. Msinakili picha ya uso wa mtu mwingine. Kisha ongezeni alama moja, mbili zikizidi sana. Korosho peke yake ikipunguzwa inaonekana kama haragwe, kwa hiyo mchoreni bibo na korosho yake ikining'inia chini. Jahazi lichorwe kwa tanga na mwili tu, maana kamba hupotea.

Rangi ndizo huharibu nembo nyingi. Njano na nyeupe ni kundi moja; nyekundu, bluu, kijani, nyeusi na zambarau ni kundi la pili. Alama ya kundi moja ikae juu ya rangi ya kundi lingine. Nyekundu juu ya nyeusi haionekani kwa mbali, wala njano juu ya nyeupe. Tazameni bendera ya Tanzania: mistari ya njano ndiyo inayotenga nyeusi na kijani, na nyeusi na bluu. Rangi tatu zinatosha, hasa mkitaka kuchapa fulana, kwa kuwa kila rangi hudai skrini yake na gharama yake.

Chukueni karatasi ya grafu, mchore ngao ya upana wa sm 10 na urefu wa sm 12. Ile pembe ya mfano wa kenchi, kama mmeichagua, iwe na unene wa sm 2. Ikikamilika, toeni kopi nyeusi na nyeupe, muipunguze hadi upana wa sm 2.5, kadiri ya mhuri. Kisichosomeka hapo kiondoeni, hata kama mjomba anakipenda.

Kwa kuchonga, ubao wa sm 40 kwa 50 utoke kwenye mninga. Mpingo ni mti mwembamba, na mbao pana za mpingo ni shida kupatikana. Unafaa zaidi kwa nembo ndogo ya mezani. Mpingo mbichi hupasuka ukikauka haraka, kwa hiyo pakeni nta kwenye ncha mbili za gogo na mliweke kivulini. Ile sehemu nyeupe ya nje hushambuliwa na wadudu, mchongaji asiiache iwe pambo.

Mwisho, andikeni nembo kwa maneno: "Ngao ya kijani, kenchi ya njano, juu majahazi mawili meupe, chini bibo la njano lenye korosho nyeupe." Picha huchakaa na kila fundi ana mkono wake, ila kwa maneno hayo fundi yeyote ataichora upya bila kukosea. Kaulimbiu iwe maneno mawili hadi matano, kwa lugha ya bibi ikiwezekana. Na msichukue ngao ya taifa, yule bwana na bibi walioshika pembe za ndovu: hiyo inalindwa na sheria.