Mzazi anayetumia warfarini: chunga dawa zinazoongezwa

Mama yangu anaishi Rungwe, na tangu damu ilipomganda kwenye mshipa wa mguu, mimi ndiye ninayemsimamia dawa. Kama nawe unauguza mgonjwa wa namna hii, chunga sana dawa nyingine zinazoingia nyumbani baada ya warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Hatari nyingi nilizoziona zimeanzia huko.

Warfarini haiyeyushi bonge la damu lililokwisha kujitengeneza. Inalizuia lisikue na mapya yasijitokeze, huku mwili wenyewe ukiliondoa polepole. Ikizidi, mtu anavuja damu. Ikipungua, bonge linaweza kusafiri hadi kwenye mapafu na kuua. Ndiyo maana kuna kipimo cha damu cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, na kwa wagonjwa wengi wa damu kuganda mguuni daktari hutaka kisome kati ya 2 na 3. Dawa hii iliingia sokoni Marekani mwaka 1948 kama sumu ya panya, ikaruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954. Sisemi hivyo kumtisha mtu. Kwa kiasi sahihi inaokoa maisha, ila nafasi kati ya kiasi hicho na kinachodhuru ni ndogo, na wafamasia wana haki ya kuikazia macho.

Sasa njoo huku kwetu. Msimu wa kuvuna viazi migongo inauma, na watu wanakimbilia duka la dawa muhimu kuchomwa diklofenaki ya makalio. Mama alishakaa kwenye benchi, muuzaji ameshavunja kichupa na anavuta dawa kwenye bomba, ndipo nikamwonyesha kadi ya kliniki. Akaisoma, akaweka sindano chini. Namshukuru mpaka leo, maana diklofenaki huchubua tumbo na kuongeza kuvuja damu, na sindano yenyewe inaweza kuvujisha damu ndani ya msuli. Ibuprofeni ni hivyohivyo. Aspirini nayo asimeze mpaka daktari wake aseme. Kwa maumivu madogo parasetamo ni afadhali, lakini ikiwa ya kila siku, kliniki ijue.

Flagyl na Septrin, ambazo watu hununua kama karanga, hupandisha INR. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Dawa za mitishamba sizibezi, ila nyingi hakuna anayejua zitafanya nini zikikutana na warfarini, kwa hiyo mama hanywi. Siku ya kliniki tunatia kila dawa ya nyumbani kwenye mfuko mmoja, tunazimwaga mezani kwa mfamasia. Fanya hivyo hata kama foleni ni ndefu.

Mboga usimwachishe! Chainizi, figiri na majani ya maboga yana vitamini K nyingi, inayopingana na warfarini, lakini kinachovuruga ni kula mlima wiki hii na kuacha kabisa wiki ijayo. Ale kiasi kilekile.

Zipo dawa mpya kama rivaroxaban na apixaban zisizohitaji INR ya mara kwa mara. Muulize daktari kama zinamfaa na kama mtazimudu. Nazo pia hazipatani na diklofenaki.

Akisahau kidonge, asimeze viwili kesho yake. Ukiona mkojo mwekundu, kinyesi cheusi cha kunata au fizi zisizoacha kutoa damu, usisubiri tarehe ya kliniki. Na akianguka akagonga kichwa, hata kama anaongea vizuri, mpeleke hospitali saa hiyohiyo na kadi yake mkononi.