Barua zangu hazijibiwi, gazeti linasikilizwa

SWALI: Mimi ni mwalimu mkuu. Gazeti likipiga kelele sera inabadilika, lakini barua zangu hazijibiwi. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, uchungu huo naujua, nimeongoza shule miaka 12. Magazeti yana nguvu kweli. Matokeo ya PISA, mtihani wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, yalipotangazwa Desemba 2001, vyombo vya habari vya Ujerumani viliyavalia njuga, na kufikia 2004 mawaziri wa elimu wa majimbo walikwishapitisha viwango vya kitaifa.

Lakini gazeti huona alama. Wewe unamwona mtoto anayesinzia dawatini. Barua yangu ya kwanza kujibiwa iliambatana na nakala ya daftari la mahudhurio: majina nimeyafunika, siku za utoro nimezizungushia wino mwekundu. Mwalike na mwandishi wa habari, aketi darasani kutwa nzima, si dakika tano za kupiga picha.