Muulize Anti: Gari likikwama nyikani, baba atoke au mngoje?

SWALI: Asalaam alaikum Anti. Mimi na bwana yangu tumezozana juu ya ile stori ya James Kim, yule mwandishi wa mambo ya kompyuta wa Marekani aliyepotea na mkewe na watoto wao wawili kwenye milima ya Oregon mwaka 2006. Yeye asema mwanamume lazima atoke atafute msaada, mimi nasema angekaa na watu wake. Sasa Disemba twaenda Kasigau na watoto na bwana ana njia yake ya mkato ya vumbi, ati simu itamwonyesha. Na kwani tukipotea simu si itaonyesha tulipo? Mama Wawili, Kisauni.

JIBU: Waalaikum salaam mamangu. Mwambie bwana yako yule baba hakukurupuka. Walikwama kwenye theluji usiku wa kuamkia 26 Novemba wakakaa na gari wiki nzima, wakiwasha injini kupata joto mpaka petroli ikaisha, wakachoma tairi ili moshi uonekane, chakula kikawa hakuna na mama akawa anyonyesha wote wawili, wa miaka 4 na wa miezi 7. Tarehe 2 Disemba ndio akatoka. Tarehe 4 rubani wa eneo lile, na helikopta yake mwenyewe, akamwona mama na watoto karibu na gari, mama apunga mwavuli. Baba alipatikana tarehe 6 kwenye bonde la kijito, baridi imeshamuua, na alikuwa ametembea zaidi ya kilomita 15. Mimi simlaumu, baba gani atawatazama wanawe wakilia njaa na yeye ameketi? Lakini waliobaki na gari ndio waliopatikana hai. Gari laonekana kutoka juu, mtu peke yake chini ya miti wampita hivi hivi.

Na hilo la simu hebu tulifafanue, maana wengi mwadhani kuna mtu ameketi ofisini aona vidoti vyatembea. Simu yao haikuwa na netiweki ya kupiga. Ila usiku ule wa kwanza kama saa saba na nusu ilidaka mnara mmoja mbali huko, meseji mbili zikaingia, basi. Injinia wa kampuni ndogo ya simu ya eneo lile, na hakuna aliyemtuma, akapekua rekodi akaona zile meseji, zimepita mnara gani, upande gani wa mnara na saa ngapi. Halafu wakatumia programu ya kompyuta kukisia ni barabara gani milimani zaweza kuuona mnara ule, kwa sababu mlima hukata mawimbi, na hapo ndio watafutaji wakajua pa kuanzia. Wiki ilikuwa imeshakwisha. Baba mzazi wa marehemu aliandika gazetini Januari 2007 akalalamika sheria za faragha ziliwachelewesha kupata rekodi za simu na za kadi ya benki. Huku kwetu pia kampuni haikupi wewe rekodi za mtu, hata awe mumeo, ombi hupitia polisi.

Kwa hiyo mtu wa nyumbani ndio awe simu yenu. Kabla hamjatoka Kisauni mwachieni mama mkwe kikaratasi: namba ya gari, mwapitia Maungu au wapi, mwatarajia kufika saa ngapi, na ikifika saa fulani kimya aanze kupiga simu. Familia ya Kim haikuwa imemwambia mtu njia watakayopita. Na watu hupenda kusema ni mitambo ya kuonyesha njia iliyowapoteza, kumbe walikuwa na ramani ya karatasi, na geti la kufunga barabara ile msimu wa baridi lilikuwa wazi.

Kwao theluji, kwetu jua na ndovu, maana zile ranchi kati ya mbuga mbili za Tsavo ndovu hupita wapendavyo. Bebeni maji mengi, mengi kuliko mnavyofikiri. Mkikwama kaeni kivulini mwa gari, fungua boneti ijulikane mmekwama, na ukiamua kuchoma tairi toa upepo kwanza na ufagie nyasi pale chini usije ukachoma nyika nzima. Njia ya mkato nayo, samahani bwana yake, ngojeni mkiwa na gari mbili.

SWALI: Ni kweli lazima ningoje masaa 24 ndio niripoti mtu amepotea? Msomaji, Likoni.

JIBU: Usingoje. Piga 999 au 112, ama nenda kituoni saa hiyo hiyo na picha ya karibuni na nguo alizovaa, iandikwe OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, na udai namba yake. Ukiambiwa rudi kesho, omba kuonana na OCS, yaani mkuu wa kituo.